Jinsi ya Kuitazama kwa Makini Filamu ya Nyambizi Kursk

Kabla ya kuiwasha filamu ya Kursk, iliyoongozwa na Thomas Vinterberg mwaka 2018, lisome kwanza tukio lenyewe: tarehe 12 Agosti 2000, torpido iliyovuja kemikali ililipuka ndani ya nyambizi hiyo ya Urusi katika Bahari ya Barents, na baada ya dakika mbili hivi mlipuko wa pili, mkubwa zaidi, ukaipasua ikalala chini kabisa, kina cha takriban mita 108. Mabaharia wote 118 walifariki.

Ukishaujua mwisho huo, utazame mwanzo bila haraka. Mtoto amezama katika beseni la kuogea, amebana pumzi, huku baba yake akimhesabia muda kwa saa ya mkononi. Liweke tukio hilo moyoni, kwa kuwa pumzi na saa ndizo zitakazoibeba filamu nzima. Angalia pia kingo za picha, ambazo nchi kavu hubanana, kisha hupanuka nyambizi inapoelekea baharini.

Usiyachukue majina ya wahusika kuwa ya kihistoria, kwani mhusika mkuu amebuniwa. Hata hivyo, watu 23 walionusurika milipuko na kujikusanya katika chumba cha tisa cha nyambizi, kabla nao hawajafa, walikuwapo kweli, na ofisa Dmitri Kolesnikov aliiandika idadi yao kwenye karatasi iliyopatikana mwilini mwake. Hapo mimi huisimamisha filamu kidogo, nikiwafikiria wake na wazazi waliosubiri hadi tarehe 21 Agosti, wapiga mbizi wa Norway walipoufungua mlango wa dharura.