Jinsi ya Kukuza Bakteria wa Tope la Machimbo Ndani ya Chupa

Maji yaliyotuama katika machimbo ya zamani ya mawe hapa Nairobi huonekana kama yamekufa, ilhali tope lililo chini yake limejaa bakteria ambao ni wachache mno waliowahi kuchunguzwa. Ili kuwatazama, tumia njia iliyobuniwa na mwanasayansi wa vijidudu Sergei Winogradsky katika miaka ya 1880.

Vaa glovu na gambuti, kwa kuwa maji hayo huenda yamechanganyika na majitaka, kisha chota tope la ukingoni pasipo kuingia majini, maana kingo za machimbo huporomoka. Lichanganye na vipande vidogo vya gazeti, vinavyoleta kaboni, pamoja na kiini cha yai lililochemshwa, kinacholeta salfa. Jaza chupa angavu ya lita 2 hadi robo tatu, ongeza maji kidogo ya dimbwi lilo hilo, halafu ifunike bila kukaza kifuniko, ili gesi ipate kutoka.

Iweke dirishani penye mwanga lakini pasipo jua kali. Subira ndiyo kazi kubwa hapa. Baada ya wiki 6 hivi, tope la chini, lisilo na oksijeni, hugeuka jeusi kwa salfaidi ya chuma. Juu yake hutokea mabaka ya kijani na ya zambarau, mazuri ajabu, ambayo ni bakteria wanaotumia mwanga pamoja na hidrojeni salfaidi, gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Karibu na uso wa maji hutanda sianobakteria, ambao hutoa oksijeni. Kila juma, pima kwa rula kimo cha kila rangi, ukiandika na tarehe.