SOMO: Sabuni ya gliserini kwa besi, kutoka sufuriani hadi dukani (na kwa nini inatoka jasho)

Assalaam aleykum. Nimekaa kuandika kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: sabuni yangu imetoka matone ya maji, imeharibika? Haijaharibika. Jibu liko hatua ya 6, lakini naomba muanze juu, maana sabuni iliyounguzwa haiokolewi na kufungwa vizuri.

Niko Wete, na naandika kwa hali ya hewa ya kwetu. Video nyingi zinatoka nchi zenye hewa kavu. Wenzetu wanaitoa sabuni kwenye moldi, wanaiweka mezani siku nzima, wanaipiga picha. Ukifanya hivyo Pemba mwezi wa Aprili, kufika Alasiri imeshalowa.

Hapa nazungumzia besi, yaani vile vitofali vya sabuni tayari vinavyouzwa kwa kilo. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imeshamaliza kazi yake humo. Sabuni ya kupika na kostiki ni somo jengine na lina hatari zake.

Vifaa: mizani ya jikoni inayosoma gramu (kwa mafuta ya karafuu tafuta ile ndogo inayosoma sehemu ya gramu), kipimajoto, sufuria ya maji, bakuli la kioo kinachostahamili moto au la chuma kisichoshika kutu, moldi za silikoni, spiriti ya famasi kwenye chupa ya kupulizia, nailoni ya kufungia chakula. Kijiko si kipimo. Pimeni kwa gramu.

Hatua ya 1. Kata besi vipande vidogo vilivyolingana, kiasi cha nyama ya mishkaki.

Hatua ya 2. Chemsha maji kwenye sufuria, punguza moto, weka bakuli juu, tia vipande. Funika ili maji ya kwenye besi yasipotee.

Hatua ya 3. Joto. Hapa ndipo hasara nyingi zinapopatikana, na mimi besi ya kilo nzima imeniharibikia hapa, kwa hiyo someni taratibu. Besi nyingi huyeyuka baina ya nyuzi 55 na 65. Ukishafika 70 umefika mwisho. Ikipanda zaidi maji yanatoka, sabuni inakuwa nzito na ya kuvutika, rangi inaingia umanjano, na harufu yake hata karafuu haiifichi. Ikikauka, usiongeze maji ukidhani unairudisha. Utapata sabuni laini isiyoshika umbo. Basi fanya hivi: vikibaki vipande viwili vitatu havijayeyuka, zima moto kabisa, koroga polepole, vitamalizika kwa joto lililobaki. Usiitwange kama unapiga mayai, mapovu yakiingia ndani hayatoki. Na usiiache jikoni ukaenda kupokea simu. Wenye jiko la mkaa, ondoeni makaa mapema, kwani mkaa hauzimiki kwa kugeuza kifundo.

Hatua ya 4. Rangi na harufu. Rangi ya chakula inapendeza siku ya kwanza, kisha inatembea. Ukiwa na tabaka jekundu juu ya jeupe, baada ya wiki chache utakuta lote la waridi. Kwa tabaka tumia unga wa maika (unga wa madini unaometameta), ukiuvuruga kwanza kwa spiriti kidogo usifanye madonge.

Harufu tia sabuni ikishuka kwenye nyuzi 55 hivi, vyenginevyo inaruka na mvuke. Pafyumu ya sabuni: gramu 10 hadi 20 kwa kilo inatosha. Mafuta ya karafuu ni jambo jengine. Ndani yake mna yujinoli (eugenol), ile ile inayotumiwa na madaktari wa meno kutia ganzi, na kwenye ngozi ikizidi inawasha na kuunguza. Mimi sivuki gramu 5 kwa kilo ya besi. Mafuta ya makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu, yana yujinoli nyingi zaidi kuliko ya karafuu yenyewe, kwa hiyo hayo napunguza hadi 3. Yapime kwenye kioo. Nimeona kikombe cheupe cha plastiki, vile vya kutumia na kutupa, kikilainika chini na kutoboka kwa mafuta ya karafuu, na mafuta yote yakamwagika mezani.

Hatua ya 5. Mimina, pulizia spiriti juu, viputo vitapasuka. MOTO UWE UMEZIMWA. Spiriti inashika moto hata kwa mvuke wake tu. Kwa tabaka la pili, subiri la kwanza lifanye ngozi, pulizia tena spiriti ili yashikane, kisha mimina.

Hatua ya 6. Kukausha na kufunga. Acha igande yenyewe kwa joto la chumbani, saa tatu au nne. USITIE FRIJI WALA FRIZA. Ukiitoa humo baridi, unyevu wa hewa unaikimbilia kama unavyokimbilia chupa ya maji baridi, na gliserini inaushika.

Lile jasho si maji yanayotoka ndani ya sabuni. Gliserini inavuta unyevu uliomo hewani, na visiwani kwetu upo mwaka mzima. Masika, Machi hadi Mei, ni balaa zaidi, vuli inafuatia. Kwa hiyo ukiitoa kwenye moldi, funga papo hapo. Usiseme kesho. Nailoni iishike ngozi ya sabuni pasibaki hewa, mwisho ukutane kwa nyuma, lebo ifunike pale. Ukiwa na draya ya nywele, pitisha haraka haraka nailoni ibane. Mikono iwe mikavu, na vaa glovu, alama ya kidole kwenye sabuni ya kioo (hii inayoonyesha ndani) haifutiki kirahisi. Ikishatoka jasho, ifute kwa kitambaa kikavu, ipulizie spiriti, iache ikauke mbele ya feni, kisha ifunge. Inaogewa vizuri tu, uzuri wa juu ndio unaopungua.

Hatua ya 7. Lebo na bei. Kwenye lebo: jina, vilivyomo, uzito, tarehe, jinsi ya kukupata. Uzito pima siku ya kufunga, usiandike uzito uliotajwa kwenye moldi.

Bei watu wanakosea kwa sababu wanahesabu besi tu. Chukua mfano wa kujifunzia: besi kilo 1 imekufikia nyumbani, pamoja na nauli ya boti na mchukuzi, kwa shilingi 15,000. Harufu, rangi na spiriti 3,000. Kufungia na lebo 2,000. Jumla 20,000. Kilo moja kwa hesabu ni vipande kumi vya gramu 100. Mkononi vinatoka tisa vya kuuza, maana kuna inayoganda kwenye bakuli na kuna kipande chenye kasoro. 20,000 kwa tisa ni zaidi ya 2,200 kila kimoja, na hapo gesi hujaitia wala mkono wako hujaulipa. Ukiuza 2,500 utachoka bure.

Kabla ya kupeleka dukani, jina la biashara sajili BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), vipodozi waulize ZFDA (wakala wa chakula na dawa), na viwango waulize ZBS (taasisi ya viwango). Nendeni mapema, kabla ya kuchapisha lebo elfu moja.

MASWALI

Panza_Kwetu: Dada shukran. Zangu zinatoka majimaji, tatizo nini?

Mama wa Limbani: Hatua ya 6.

Panza_Kwetu: Nimeisoma. Nilizitia friza ili zigande haraka.

Mama wa Limbani: Basi irudie. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kijana wa Darajani: Besi ni ghali. Siwezi kuyeyusha sabuni ya mche nikatia gliserini ya famasi?

Mama wa Limbani: Hapana. Sabuni ya mche ni ya kufulia. Haiyeyuki ikawa maji, inakuwa uji, na mwisho wake haitaonyesha ndani. Gliserini juu yake itaifanya inate tu.

Mwalimu Mkoani: Bi, mimi nafundisha skuli. Naomba kufahamu, hii gliserini inatoka wapi hasa? Na kwa nini sabuni ya kawaida ya kiwandani haitoi jasho hivi?

Mama wa Limbani: Ahsante mwalimu, swali hili nalipenda. Mafuta yoyote, ya nazi, ya mawese au ya ng'ombe, ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Kostiki inavunja ule mshikano: asidi zinachukua sodiamu zinakuwa sabuni, gliserini inabaki huru. Kilo ya mafuta inatoa kiasi cha gramu 100 za gliserini. Viwanda vikubwa vinatia chumvi, sabuni inajitenga juu, gliserini inabaki kwenye maji ya chini, inasafishwa na kuuzwa kwa watengeneza dawa na vipodozi. Ndiyo maana sabuni yao haivuti unyevu kama yetu. Kwenye besi gliserini inaongezwa, pamoja na vitu kama sukari vinavyozuia fuwele za sabuni kukua, mwanga ukapata kupita. Na kila molekuli ya gliserini ina vikundi vitatu vya haidroksili, vyote vinapenda maji. Wanafunzi waonyeshe hivi: kisahani cha gliserini kwenye mizani nyeti, kiacheni wazi siku ya mvua, mupime tena kesho yake.

Mwalimu Mkoani: Mashallah. Nitalifanya wiki ijayo na kidato cha tatu.

Mzee wa Mkaa: Sabuni ya kweli inapikwa kwa kostiki. Hii ya kuyeyusha ni kuwauzia watu kazi ya mtu mwengine.

Mama wa Limbani: Mzee wangu, kwa heshima. Lebo yangu inasema besi, sijamficha mtu. Mama mwenye watoto wadogo jikoni, chumba kimoja, simwambii aanze na kostiki. Inaunguza ngozi na inapofua jicho. Na kwa kuwa umeitaja, wanaotaka kuijaribu wasikilize: kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji, usimwagie maji juu ya kostiki. Na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki inaila alumini, inafoka na kutoa haidrojeni, ambayo inawaka. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu ya kuhimili joto, uvae miwani na glovu, na mlango uwe wazi.

Mzee wa Mkaa: Hilo la alumini ni kweli. Kuna jirani sufuria yake ilitoboka.

Bint Chasasa: Inaondoa chunusi? Inang'arisha?

Mama wa Limbani: Inaosha. Ukiandika kwenye lebo kuwa inatibu, umehama kwenye sabuni umeingia kwenye dawa, na ZFDA watakuuliza ushahidi. Ya kung'arisha sitengenezi wala sifundishi.

Paje_Mwani: Dada, sisi huku tunalima mwani. Tunataka kuutia kwenye besi badala ya kuuza mkavu tu kwa kilo. Tuchemshe tutie maji yake?

Mama wa Limbani: Karibu sana, hili ni jambo la maana. Maji yake usitie, besi haitaki maji zaidi, italainika na kuota ukungu. Tumia unga. Mwani uoshe kwa maji ya kisima mara kadhaa mpaka chumvi na mchanga vitoke, anika ukauke mpaka unavunjika, saga, chekecha kwa kitambaa cha shifoni, maana chembe kubwa inakwaruza. Anza na gramu 5 kwa kilo. Unga unazama ukimimina sabuni ikiwa moto sana, kwa hiyo subiri ishuke kwenye nyuzi 50 hivi, ianze kuwa nzito, koroga, mimina mara moja. Haitaonyesha ndani tena. Basi chukua besi nyeupe, rangi ya mwani inakaa vizuri zaidi humo.

Paje_Mwani: Ahsante sana. Tutajaribu na spinosum, aina ya mwani tuliyonayo kwa wingi. Ile aina nyengine, cottonii, inakufa maji yakipata joto.

Mama wa Limbani: Spinosum sawa. Ukipata majibu rudi utuambie, mimi sina mwani wa kutosha huku.

Konde Moja: Asumini mbichi ndani ya sabuni ya kioo?

Mama wa Limbani: Inageuka kahawia, kisha nyeusi. Ua lolote bichi lina maji. Tumia harufu yake, ua liweke nje ya nailoni siku ya harusi tu.

Fundi Ukili: Nachangia hapo hapo. Mimi nasuka vikasha vidogo vya ukili, sabuni mbili zinaingia. Wageni wanavipenda kuliko boksi. Ila sabuni ifungwe kwanza, ukili nao unanyonya unyevu.

Mama wa Limbani: Kweli kabisa. Na mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, kwa hiyo cha kubebea kiwe ukili au karatasi.

Konde Moja: Na karafuu, naweza kununua kavu kwa jirani nikakamua mafuta mwenyewe?

Mama wa Limbani: Usijitie matatani. Karafuu kavu inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na sheria haichezi. Mafuta yanatoka kiwanda cha makonyo pale Wawi. Nunua kwa risiti, uliza ni ya makonyo au ya karafuu, kipimo si kimoja.

Shangani_Duka: Hoteli moja huku Unguja wanataka sabuni 200, mali kauli, walipe zikishauzwa. Nikubali?

Mama wa Limbani: Ndiyo mara ya kwanza kufanya nao biashara? Usikubali 200. Wape 20 za mali kauli, kwa maandishi yenye saini na tarehe ya kulipa, na uwaambie zisikae kwenye kabati la bafuni lenye mvuke. Wakilipa kwa wakati, mzigo unaofuata wachukue kwa nusu mkononi.

Shangani_Duka: Wanataka pia zisifungwe, ziwe wazi kwenye kisahani.

Mama wa Limbani: Basi wawekee moja ya maonyesho, waifute kila asubuhi, na zilizobaki zikae ndani ya nailoni.