Laptopu ya mtumba na Windows 11: pima kabla ya kubonyeza

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusasisha kwenda Windows 11, anza na prosesa (ubongo wa mashine), maana ndiyo isiyobadilishika. Bonyeza Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa Processor. Kwenye Intel, i5-8250U ni kizazi cha nane, na hapo ndipo Windows 11 inapoanzia. i5-7200U ni kizazi cha saba, ambacho karibu chote kimekataliwa. Namba ikianza na 10 au 11, uko salama. Usimwamini muuzaji anayekwambia "ni i5" akanyamaza. I5 ya mwaka 2012 nayo ni i5.

Kisha bonyeza tena Windows pamoja na R, uandike tpm.msc, uangalie TPM, chipu ya usalama: inatakiwa toleo la 2.0. Ukiambiwa haipo, huenda imezimwa tu. Ingia BIOS, mipangilio inayofunguka mashine inapowaka (F2 kwa Dell, F10 kwa HP), utafute PTT, yaani TPM ya Intel, uiwashe.

RAM ya GB 4 inakubalika kwenye karatasi, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa sita mashine inaanza kuhema. Weka GB 8. Kwa laptopu za zamani, kijiti cha RAM kikiandikwa PC3L usinunue cha PC3. Voltiji ni 1.35 dhidi ya 1.5 na mashine inaweza isiwake.

Kinachochosha zaidi ni diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uangalie Disk. Ikikaa 100% hata hujafungua kitu na ni diski ya kuzunguka, kubadili mfumo hakutakusaidia. Pesa yako ipeleke kwanza kwenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya inchi 2.5, GB 256. Wengi wakishaiweka hawana tena haraka ya kusasisha.

Halafu kuna umeme. Usasishaji huwasha na kuzima mashine mara kadhaa, na umeme ukikatika Mbale au Arua katikati ya kazi huku betri imechoka, unaweza kubaki na kioo cheusi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti inayotokea, ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ikiwa imebaki chini ya nusu, fanya kazi hiyo mahali penye jenereta au sola ya uhakika. Faili la Windows 11 lenyewe lina GB kadhaa. Ukitegemea bando la simu, mwombe mwenye faiba akuwekee kwenye flashi ya GB 16.

Prosesa ikikataliwa? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila watumiaji binafsi wanaweza kujisajili kwa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Njia nyingine ni Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure ulio mwepesi kwa mashine za zamani: iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa ya ofisini. Kama unaishi kwa makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya Excel), haikufai. Mbinu za kuilazimisha Windows 11 zipo, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho. Kwa mashine ya kazi, achana nazo.

Ukiamua kuendelea, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, na kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa andika tarakimu 48 za ufunguo wake kwenye karatasi. Ukishasasisha una siku 10 za kurudi kwenye Windows ya zamani kupitia Settings, Recovery. Usifute Windows.old, folda inayohifadhi Windows ya zamani, siku ya pili eti diski imejaa. Ukiifuta, njia ya kurudi imeondoka nayo.