Kutambua sauti ngeni kwenye rekodi za kale za kantri: ni stili ya pedali au ala nyingine?

Stili ya pedali ni gitaa linalolazwa na kupigwa kwa chuma kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, likiwa na pedali za mguuni za kubadilisha noti. Kuitambua, watu wengi huanza na ladha ya sauti: inalia kama fidla, inanong'ona kama ogani, inaongea kama mtu. Ladha hudanganya. Rekodi za Nashville za miaka ya 1950 na 1960 zina mwangwi mwingi, na wapigaji wake waliigana kwa makusudi. Anza na mwendo: noti ipi inapanda na ipi inabaki palepale. Ladha ifuate baadaye.

Hatua ya 1: Nakala

Tafuta nakala ya mono (sauti ya mkondo mmoja), hasa ile ya santuri ya wimbo mmoja. Katika miaka ya 1960 kampuni zilichukua rekodi za mono na kuzigeuza stirio ya bandia kwa kuchelewesha upande mmoja na kuongeza besi au treble upande mwingine. Ucheleweshaji huo huzaa mawimbi yanayofanana na kifaa cha athari ambacho mpigaji hakuwa nacho kabisa. Kama una nakala ya namna hiyo tu, sikiliza upande mmoja peke yake.

Hatua ya 2: Kasi

Santuri ikizunguka kwa kasi iliyozidi asilimia 6, wimbo wote hupanda takriban nusu toni, na hesabu zote za chini zitakupotosha. Pima kwa piano au vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa), maana hizo hazipindishwi na mpigaji. Usipimie mwimbaji wala fidla. Rekebisha kasi na sauti kwa pamoja mpaka noti za piano zikae kwenye A ya 440 Hz.

Hatua ya 3: Nini kinatembea, nini kimesimama

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo nenda polepole.

Stili ambayo nyuzi zake zimelinganishwa kwa mpangilio wa noti uitwao E9, ambao ndiyo ya kawaida kwenye kantri, ina nyuzi kumi. Tatu zinazobeba kazi nyingi ni uzi wa 5 (B), wa 4 (E) na wa 3 (G#). Pedali A hupandisha B toni nzima, pedali B hupandisha G# nusu toni, na E haiguswi. Mpigaji akiweka chuma cha mkononi juu ya freti (alama ya nusu toni kwenye shingo ya gitaa) ya 3, nyuzi hizo hutoa D, G na B, yaani kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G. Akikanyaga pedali zote mbili, D inakuwa E, B inakuwa C, G inabaki, na kodi imekuwa C. Kwa Hz: 294 inakwenda 330, 494 inakwenda 523, na 392 haitikisiki.

Fungua programu ya sauti ya Audacity na ugeuze wimbo uwe spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyopita. Weka mizani ya logarithimu, masafa kati ya 100 na 2000 Hz, na ukubwa wa dirisha 8192. Mizani ya logarithimu ni lazima: chuma kikitelezeshwa, mistari yote hupanda sambamba, na jicho huona mara moja. Kwenye mizani ya kawaida mistari ya juu hupanda kwa kasi zaidi na utadhani kuna pedali.

Dirisha la 8192, kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hutenganisha masafa kwa hatua za Hz 5 hivi, lakini hukusanya karibu sekunde 0.19 ya muziki katika kila kipande. Mdonoo wa kidole utapotea humo. Kwa hiyo tazama mara mbili: 8192 kwa ajili ya noti, kisha 1024 kwa ajili ya kujua kama uzi umedonolewa upya au umepandishwa ukiwa bado unalia.

Wengi hukimbilia hamoniki za juu, yaani masafa ya juu yanayolia ndani ya kila noti, kwa sababu mistari yake ni mizuri. Usifanye hivyo kwenye kodi hii. Hamoniki ya pili ya B iko 988 Hz. Pedali ikikanyagwa, B inaondoka, lakini ile D iliyogeuka E inaleta hamoniki yake ya tatu kwenye 989 Hz, palepale. Utaona mstari ulionyooka na kuapa kwamba hakuna kilichosogea. Hamoniki ya tatu ya G na ya nne ya D nazo zimelaliana kwenye 1175 Hz, na baada ya pedali mstari huo hupasuka mara mbili: mmoja unabaki, mwingine unapanda mpaka 1318. Ukijua sababu, mpasuko huo ni ushahidi mzuri sana. Usipojua, utadhani ala mbili zinapiga. Soma kwanza noti zenyewe za chini: 294, 392, 494.

Sasa kipimo kikuu. Stili isiyo na pedali inaweza kubadilisha kodi kwa kuinamisha chuma, na mpigaji hodari kama Jerry Byrd alifanya hivyo kwa usafi unaodanganya sikio. Lakini chuma ni kitu kilichonyooka. Hakiwezi kusogea freti mbili juu ya uzi wa 5, kubaki palepale juu ya uzi wa 4, na kusogea freti moja juu ya uzi wa 3. Ukiona noti ya kati imesimama huku za pembeni zinapanda, na nyuzi zote tatu bado zinalia bila mdonoo mpya, hiyo ni pedali. Ikiwa ni noti mbili tu zinazosikika, usikate shauri bado. Noti mbili huweza kuigwa kwa chuma kilichoinama.

Mtikisiko nao hutoa ushahidi. Chuma kikitikiswa, mistari yote ya stili hucheza pamoja, kwa kasi moja. Mstari ulionyooka katikati ya inayocheza ni wa ala nyingine.

Jizoeze kwa "Slowly" ya Webb Pierce, iliyovuma mwaka 1954. Mpiga stili Bud Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikilia, na wapigaji wengi wakaenda kuunda pedali zao baada ya kuusikia. Pedali yake moja ilipandisha noti mbili kwa pamoja. Mpiga stili Buddy Emmons ndiye aliyezitenganisha baadaye, kila noti na pedali yake. Hiyo hukusaidia kukadiria umri: noti mbili zikipanda kila moja kwa wakati wake, usiiweke rekodi hiyo mwaka 1954.

Programu za kutenganisha ala acha mpaka mwisho. Zile zinazogawa wimbo mafungu manne huitupa stili kwenye fungu la "vinginevyo" pamoja na fidla na piano, na huacha mabaki yanayofanana kabisa na mteremko wa chuma.

Hatua ya 4: Waigaji

Piano: Floyd Cramer alifanya mtindo wa kugonga noti ya jirani na kuteleza kwenye noti aliyoitaka uwe maarufu, kama kwenye "Last Date" ya 1960. Kwenye dirisha la 1024 utaona midonoo miwili. Stili ina mmoja.

Vibrafoni: wengi Afrika Mashariki waliingia kantri kupitia Jim Reeves, na ule mng'ao laini kwenye "He'll Have to Go" ya 1959 huitwa stili mara nyingi. Ni vibrafoni ya Marvin Hughes. Noti zake hazipindi hata kidogo.

Gitaa la kawaida: kifaa cha Clarence White na Gene Parsons huvuta uzi wa B toni nzima kupitia mkanda wa bega. Ni cha mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo rekodi ya zamani zaidi iondoe kwenye orodha.

Mkwaruzo: ile sauti iliyopasuka kwenye "Don't Worry" ya Marty Robbins, 1961, ni besi ya nyuzi sita ya Grady Martin iliyopita kwenye mtambo wa studio wenye hitilafu. Lakini usidhani kila mkwaruzo si stili. Sneaky Pete Kleinow, akiwa na bendi ya Flying Burrito Brothers mwaka 1969, aliipitisha stili yake ya Fender 400 kwenye kifaa cha mkwaruzo, na wengi humsikia wakidhani ni gitaa la roki. Hatua ya 3 humfichua.

Hatua ya 5: Ikiwa ni stili, imefanywa nini?

Inaongea maneno: Pete Drake, "Forever", 1964. Sauti ya gitaa ilipelekwa kwa mrija hadi mdomoni, mdomo ukaunda maneno, maikrofoni ikayachukua. Kabla yake Alvino Rey alitumia maikrofoni ya kooni, na aliyeivaa ni mkewe, Luise King, aliyesimama nyuma ya jukwaa.

Haina mwanzo, inavimba tu: pedali ya sauti. Uzi hudonolewa ikiwa imefungwa, kisha hufunguliwa.

Kishindo cha kugonga: Speedy West, aliyeangusha chuma juu ya nyuzi.

Kengele ndogo: kiganja kimegusa uzi freti 12 mbele ya chuma. Noti hupanda oktavu moja na hamoniki zake hupungua.

Inasema "wa-wa": hiyo huweza kuwa kitufe cha toni kinachozungushwa kwa mkono wakati wa kudonoa. Kwenye rekodi za miaka ya 1950 fikiria kitufe kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Jina

Vijitabu vya makasha ya Bear Family, kampuni inayotoa upya rekodi za kale, huorodhesha tarehe na wapigaji wa kila kipindi cha studio, na ndivyo ninavyovipendekeza kuliko maelezo ya jalada la santuri. Angalia jambo moja: kipindi cha kawaida kilikuwa cha saa tatu na kilitoa nyimbo kadhaa, hivyo jina la mpiga stili kuwemo kwenye orodha halithibitishi kwamba alipiga kwenye wimbo wako. Linganisha na nyimbo nyingine za siku hiyohiyo, na kama zina wapiga gitaa wawili au watatu, rudia Hatua ya 3 kwa kila wimbo kabla ya kuandika jina.