Kuchagua jaribio la kitakwimu kwa makundi mawili yenye data zilizoegemea upande mmoja

Kwanza chora histogramu ya kila kundi, yaani grafu ya pau inayoonyesha jinsi thamani zilivyotawanyika. Tuseme wagonjwa watano wa kliniki moja walisubiri dakika 5, 7, 8, 9 na 96: wastani ni dakika 25, ilhali mediani, yaani thamani ya katikati, ni 8 tu. Usiifute ile 96 ili data zipendeze, kwani huyo ni mtu aliyesubiri kweli.

Swali lako ndilo liamue. Ukitaka kujua iwapo wagonjwa wa kliniki moja kwa kawaida husubiri zaidi kuliko wa nyingine, tumia jaribio la Mann-Whitney la mwaka 1947, ambalo hulinganisha nafasi za thamani katika mpangilio badala ya thamani zenyewe. Lakini usidai kwamba linalinganisha mediani, isipokuwa migawanyo, yaani mitawanyiko ya thamani, ya makundi yote mawili iwe na umbo moja. Anayepanga bajeti anahitaji wastani, kwa kuwa jumla ya gharama hutokana nao, hivyo jaribio la Welch, ambalo hulinganisha wastani wa makundi mawili, litamfaa zaidi endapo sampuli ni kubwa. Kama watu ni walewale, waliopimwa kabla na baada, tumia jaribio la Wilcoxon la jozi.