Kutambua faili za .deb zilizopoteza majina kwa heshi zake

Juzi mwalimu mmoja wa kompyuta kule Gulu alinipigia simu. Ana flashi yenye vifurushi vya Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux (vifurushi vya programu, yaani faili za .deb, si vile vya data tunavyonunua kwa simu) kwa ajili ya maabara isiyo na intaneti. Kijana aliyeombwa aipange flashi hiyo akazipa faili zote namba: 1.deb mpaka 38.deb. Kunitumia zote Kampala kungemaliza bando lake la mwezi. Nikamwambia, "Mwalimu, nitumie heshi tu," yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili, hata likibadilishwa jina.

Hatua ya 1: Toa heshi

Kwenye Linux ni `sha256sum *.deb`, basi. Mwalimu alikuwa na Windows ofisini, na hapo ndipo usiku wangu ulipoishia. Alifungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, akaandika:

`(Get-FileHash *.deb).Hash > heshi.txt`

Nilipolinganisha na orodha za vifurushi za Ubuntu, hakuna hata moja iliyopatikana. Sifuri kati ya 38. Nikadhani faili zimechezewa, nikamtia mwalimu wa watu wasiwasi bure. Saa tatu baadaye ndipo nilipoandika `file heshi.txt` nikaona: UTF-16. PowerShell ya zamani, ile 5.1 inayokuja na Windows, ukielekeza matokeo kwa `>` huandika kila herufi kwa baiti mbili. Kwa macho maandishi ni sawa kabisa, lakini `grep` haioni kitu. Nikarekebisha, bado sifuri! Kumbe PowerShell huandika heshi kwa herufi kubwa, na orodha za Ubuntu zina herufi ndogo. Na mwisho wa kila mstari kuna alama ya Windows isiyoonekana. Dawa ya yote matatu:

`iconv -f UTF-16 -t UTF-8 heshi.txt | tr -d '\r' | tr 'A-F' 'a-f' > safi.txt`

Halafu hesabu: kila mstari uwe na herufi 64, ndiyo heshi ya aina ya SHA256. Zikiwa 40 hiyo ni SHA-1, zikiwa 32 ni MD5, aina za zamani, mwambie arudie.

Jambo jingine: orodha ile haikuwa na majina ya faili, na usidhani mstari wa pili ni 2.deb. Mwambie atumie hii tangu mwanzo:

`Get-FileHash *.deb | Select-Object Hash,Path | Export-Csv heshi.csv -NoTypeInformation`

Hii haiandiki UTF-16. Herufi kubwa zitabaki, na heshi utaichomoa kutoka safu ya kwanza.

Hatua ya 2: `sudo apt update` kwenye mashine yenye Ubuntu ileile. Hii hushusha orodha za Packages, zenye jina, toleo na heshi ya kila kifurushi.

Hatua ya 3: Linganisha

Wengi hutumia `grep -B 30` na kukisia mistari. Mimi siipendi, sakinisha `dctrl-tools`, kisha:

`while read h; do grep-dctrl -s Package,Version,Architecture -F SHA256 -X "$h" /var/lib/apt/lists/*_Packages; done < safi.txt`

Utaniuliza, kwa nini nisitumie `dpkg-deb -f 7.deb Package` nipate jina mara moja? Unaweza, lakini hapo faili linajitaja lenyewe, na yeyote anaweza kuandika humo jina analotaka. Orodha za Packages ni tofauti: heshi zake zimo ndani ya faili la InRelease lililotiwa saini, na apt huikagua saini hiyo. SHA256 ikilingana, ni faili lilelile, baiti kwa baiti. Usiridhike na MD5 wala SHA-1. MD5 iligonganishwa hadharani (mafaili mawili tofauti yakatoa heshi moja) mwaka 2004, SHA-1 mwaka 2017.

Hatua ya 4: Zisizopatikana

Kwetu zilikuwa tatu. Hapa ndipo `dpkg-deb -f` inapofaa, kama fununu tu. Mbili zilikuwa matoleo ya zamani: sehemu ya jammy-updates (jammy ni jina la Ubuntu 22.04) huorodhesha toleo la karibuni peke yake, la jana huondolewa. Hayo nikayatafuta Launchpad, tovuti inayohifadhi matoleo ya zamani ya Ubuntu, nikayashusha, heshi zikalingana. La tatu lilijiita gcompris-qt-data, toleo lilelile lililo kwenye orodha, ila ukubwa wake ulikuwa pungufu ya ule ulioandikwa kwenye orodha, mstari wa Size. Lilikatika wakati wa kunakiliwa.

Hilo nililishusha upya, nikalitia kwenye flashi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Gulu. Heshi yake nilimtumia Mwalimu kwa SMS, herufi zote 64.