Kubadilisha visu vya slasha ya trekta

Slasha, ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ikianza kulaza nyasi badala ya kukata, na trekta inatetemeka mpaka kiti kinauma, jua visu vimeisha. Inua slasha, weka magogo manene chini ya bodi (bati la juu linalofunika visu) pande zote, zima injini, ufunguo tia mfukoni, chomoa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye slasha. Usije ukaamini haidroliki inayoinua slasha peke yake, slasha ikishuka ghafla mguu huna.

Bolti huwa zimeshikwa na kutu balaa, zimwagie dizeli jioni uache zilale nayo, asubuhi tia spana ya ringi na bomba refu kwa nyuma uvute, slasha nyingi zina tundu juu ya bodi la kupitishia soketi. Visu nunua seti nzima, ukibadilisha kimoja tu uzito unapishana na gia boksi inakufa mapema, bolti na nati nazo weka mpya, usibanie hela hapo. Makali yatangulie upande visu vinakozungukia, ncha iliyopinda itazame juu. Kaza nati barabara halafu kichezeshe kisu kwa mkono, lazima kizunguke kwenye bolti yake, ndo kinavyolikwepa jiwe. Fyeka kama saa moja, zima, kaza tena.